Vyama Viwili, Mamlaka Yaleyale: Kwa Nini Wamarekani Wamekata Tamaa na Siasa Zao



Utangulizi

Mwaka 1958, watafiti walipoanza kuwauliza Wamarekani kama wanaiamini serikali yao, karibu robo tatu walijibu kwamba wanaiamini mara nyingi au wakati wote. Siku hizi wanaojibu hivyo ni takriban wawili katika kila kumi. Wasiojihesabu kuwa wa chama chochote nao wamekuwa wengi kuliko wafuasi wa Democratic au wa Republican.

Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba vyama hivi vinachukiana mno hata kazi za serikali zinakwama. Ni kweli kwamba vinakwamisha kazi: kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 baadhi ya shughuli za serikali zilisimama kwa siku 35, na watumishi wapatao 800,000 hawakulipwa kwa wakati. Hata hivyo, hoja ya mada hii ni kwamba kinachokatisha tamaa zaidi ni pale vyama vinapoelewana. Chama kikiwa nje ya Ikulu hulalamikia madaraka makubwa ya Rais. Kikiingia, huyatumia na kuyaongeza. Mwananchi anayetaka madaraka hayo yapunguzwe hana pa kuipeleka kura yake.

1. Idhini ya vita ya mwaka 2001

Katiba ya Marekani imelipa Bunge, si Rais, uwezo wa kutangaza vita. Mara ya mwisho Bunge kufanya hivyo ilikuwa Juni 1942. Vita vya Korea, Vietnam na Iraq vyote vilipiganwa bila tangazo hilo.

Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Bunge lilimruhusu Rais kutumia jeshi dhidi ya waliohusika na mashambulizi hayo na waliowahifadhi. Kiini cha idhini hiyo ni sentensi moja ya maneno 60. Haitaji nchi yoyote, wala haisemi itakoma lini. Seneti iliipitisha kwa kura 98 kwa 0, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 420 kwa 1. Aliyepinga ni Barbara Lee, wakati huo mbunge wa Democratic kutoka California, akiona kwamba Rais anakabidhiwa hundi iliyosainiwa bila kujazwa kiasi. Kwa kura ile moja alitishiwa kuuawa, ikabidi apewe ulinzi.

Yaliyofuata yameonyesha kwamba alikuwa sahihi. Bush, Obama, Trump na Biden wote waliitegemea idhini ileile. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliamua kwamba inalihusu pia kundi la Al-Shabaab la Somalia, ambalo mwaka 2001 halikuwa limeundwa. Vita hivyo vimefika hadi kwetu Kenya: tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia kambi ya kijeshi ya Manda, Lamu, na Wamarekani watatu wakauawa. Aprili 2023 hoja ya kuwaondoa wanajeshi wa Marekani Somalia ilifika mbele ya Baraza la Wawakilishi, ikaangushwa kwa kura 321 dhidi ya 102. Walioiunga mkono walitoka vyama vyote viwili, na walioipinga vilevile.

2. Mkuki kwa nguruwe

Desemba 2007 Obama, akiwa mgombea, alisema kwamba Katiba haimruhusu Rais kuamuru mashambulizi peke yake pale ambapo taifa halikabiliwi na hatari ya karibu. Machi 2011, akiwa Rais, aliishambulia Libya bila kura ya Bunge. Siku 60 ambazo sheria ya mwaka 1973 inamwekea Rais anayepigana bila idhini ya Bunge zilipopita, serikali yake ilidai kwamba operesheni ile haihesabiki kuwa mapigano. Trump naye mwaka 2019 alitumia kura ya turufu kuzuia azimio la kuiondoa Marekani katika vita vya Yemen, na mwaka 2020 akazuia lililomtaka asipigane na Iran bila ruhusa ya Bunge.

Upelelezi umekwenda njia hiyohiyo. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi katika ujasusi wa Marekani, alifichua kwamba serikali ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia. Kazi hiyo ilianza chini ya Bush na kuendelea chini ya Obama.

3. Kwa nini mpiga kura hawezi kuwaadhibu

Mwaka 1992 mgombea binafsi Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi. Katika kura 538 za wajumbe wanaomchagua Rais, hakupata hata moja, kwa sababu karibu kila jimbo humpa mshindi wake kura zote. Mwaka 2000 Bush alishinda Florida, na kwa hiyo urais, kwa tofauti ya kura 537, huku Ralph Nader wa chama kidogo cha Green akipata zaidi ya 97,000 huko. Tangu hapo kila anayetamani njia ya tatu huambiwa kwamba atamsaidia yule anayemwogopa zaidi. Chama hakihitaji kupendwa. Inatosha kiwe na mpinzani anayetisha.

4. Mapendekezo

Kwanza, upigaji kura ubadilishwe. Maine, kwa kura ya maoni ya 2016, na Alaska, kwa ile ya 2020, zimeruhusu wapiga kura kuwapanga wagombea kwa namba. Mgombea wa mwisho anapotolewa, kura za waliomchagua huhamia kwa chaguo lao linalofuata. Hapo mtu humchagua anayemtaka bila hofu ya kumwinua asiyemtaka.

Pili, na hili ni zito zaidi, kila idhini ya vita au upelelezi iwe na tarehe ya kufa, na itaje adui na mahali. Mbunge alazimike kuinua mkono upya mbele ya waliomtuma.

Hitimisho

Kubadilisha chama kilichoko Ikulu hakujapunguza madaraka ya Ikulu. Kwa hiyo Wamarekani waliokata tamaa hawajaichoka demokrasia, wanaidai. Wapimeni wagombea wao kwa swali moja: ni madaraka gani uliyo tayari kuyarudisha kwa Bunge siku utakapoapishwa?