VUMBI LA BREKI: KUOSHA RIMU BILA KUHARIBU RANGI WALA AFYA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wanaofanya kazi katika gereji, karakana za mabasi na mahali pa kuoshea magari. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo watu wengi huidharau, yaani kuosha rimu za magari. Husemwa kuwa ni kazi ya kijana aliyeingia gereji jana: mpe ndoo na kitambaa, basi. Lakini kazi hii ina hasara mbili. Hasara ya kwanza ni ya rangi ya rimu, na mara nyingi hiyo hukatwa katika mshahara wa mwoshaji. Hasara ya pili ni ya mikono na mapafu ya mwoshaji mwenyewe, na hiyo hakuna fedha iwezayo kuilipa. Nitazisema zote mbili, kisha nitaeleza sheria ya nchi yetu inasema nini.

VUMBI HILI NI NINI?

Wengine hudhani kwamba weusi ule ulio juu ya rimu ni udongo wa barabarani. Sivyo. Dereva akikanyaga breki, pedi hubana diski ya chuma, na vyote viwili husagika kidogo kidogo. Kinachotoka ni vumbi la chuma cha diski, pamoja na vitu vilivyomo ndani ya pedi, kama vile makaa, shaba na gundi iliyoshikamanisha pedi. Ndiyo maana rimu za mbele huwa nyeusi kuliko za nyuma, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa zaidi gari linaposimama.

Sasa fikirini gari linaloshuka mteremko wa kwenda Mai Mahiu. Breki hupata moto mkali sana, na vumbi hutoka likiwa la moto. Chembe za chuma huangukia rangi na kujishikiza hapo. Baadaye hupata umande au mvua, nazo hushika kutu. Kutu ile hula vanishi iliyo juu ya rangi, kisha huingia ndani. Ukiona vidoa vidogo vya rangi ya machungwa ambavyo sabuni haivitoi, ujue chuma kimekwisha jichimbia. Kwa hiyo rimu iliyooshwa kila juma ni kazi ya dakika chache, na rimu iliyoachwa miezi mitatu ni taabu, na hapo ndipo watu hutafuta njia za mkato.

NJIA ZA MKATO ZINAZOHARIBU

Njia ya kwanza ni kusugua kwa waya wa sufuria, msasa au brashi ya chuma. Vumbi litatoka, ni kweli, lakini vanishi itatoka nayo. Siku ile rimu itang'aa kwa sababu ina maji. Ikikauka utaona mikwaruzo.

Njia ya pili ni kufuta rimu kavu kwa kitambaa kikavu. Vumbi la chuma chini ya kitambaa ni sawasawa na msasa. Tena vumbi lote huruka na kuingia puani.

Njia ya tatu ni sabuni kali ya unga ya kufulia. Punje ambazo hazijayeyuka hukwaruza, na ukali wa sabuni hufifisha rangi ikitumiwa mara kwa mara.

Njia ya nne, na ndiyo mbaya kuliko zote, ni asidi. Wako wanaochukua asidi ya kusafishia choo, na wako wanaoletewa na tajiri dawa ndani ya mtungi usio na jina, wakaambiwa tu, "Hii ni dawa ya rimu." Asidi huondoa weusi upesi, lakini huacha rangi imepauka, hula nati, na hushambulia chuma cha breki.

Ndugu zangu, iko asidi moja ambayo nataka kila mtu aikumbuke. Jina lake ni asidi ya hidrofloriki, na alama yake ni herufi mbili, HF. Ndugu yake huitwa amonia baifloraidi. Dawa nyingine za kung'arisha rimu zimetiwa vitu hivi. Asidi nyingine ikikugusa unaungua na kuruka mara moja, lakini HF iliyochanganywa na maji mengi inaweza kukugusa mchana nawe usisikie kitu, na maumivu yakaja usiku. Hupenya ngozi, huingia ndani na kunyang'anya mwili madini ya kalsiamu, hata moyo unaweza kusimama. Ikiwa imekugusa, vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, na uende hospitali upesi bila kungojea maumivu. Uchukue mtungi wenyewe au karatasi yake, ili daktari ajue ni kitu gani, maana matibabu yake ni ya dawa ya kalsiamu na si ya moto wa kawaida. Shauri langu ni fupi: dawa yenye HF isitumiwe kabisa katika kuosha rimu. Na mtungi usio na maandishi usifunguliwe.

NJIA ILIYO SALAMA

Nitaieleza kwa utaratibu, nanyi mnaweza kuikata karatasi hii na kuibandika ukutani.

1. Acha gurudumu lipoe. Egesha gari kivulini. Karibisha mgongo wa mkono kwenye rimu bila kugusa. Ukisikia joto, ngojea. Maji baridi juu ya diski ya moto yanaweza kuipinda, na mvuke unaweza kukuunguza. Tena dawa yoyote juu ya rimu ya moto hukauka upesi na kuacha madoa.

2. Vaa glovu za mpira, miwani na gambuti.

3. Lowesha kwanza. Tumia maji yanayotiririka kwa upole, toka juu kwenda chini, mpaka vumbi lote limelowa. Usianze na mashine ya maji ya nguvu, kwa sababu hutawanya vumbi hewani na kurusha matone usoni. Ukiitumia baadaye, simama mbali kidogo, wala usiielekeze kwenye mipira ya breki au ubavu wa tairi.

4. Osha rimu moja moja kwa maji ya sabuni ya kuoshea gari, isiyo kali. Tumia brashi yenye nywele laini, pamoja na ndogo ya kuingia kwenye nati na nyuma ya mikono ya rimu. Uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia brashi. Ndoo, sponji na brashi za rimu zisitumiwe kwenye mwili wa gari, maana chembe moja ya chuma katika sponji hukwaruza mlango mzima.

5. Suuza vizuri kabla sabuni haijakauka.

6. Ikiwa vidoa vya kutu vimebaki, iko dawa ya kuyeyusha chuma ambayo si asidi kali. Ikikutana na chembe za chuma hugeuka rangi ya zambarau, na harufu yake ni mbaya kama ya yai bovu. Nyunyiza kwenye rimu iliyopoa, ngojea dakika zilizoandikwa kwenye chupa, pitisha brashi laini, kisha suuza kwa maji mengi. Usiiache ikauke. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote, hasa asidi, maana mchanganyiko unaweza kutoa hewa yenye sumu. Fanya kazi hii mahali penye upepo, na ikiwa rangi imekwisha babuka, jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana.

7. Kausha kwa kitambaa laini, kisha paka nta juu ya rangi ya rimu. Rimu yenye nta haishikwi sana na vumbi, na juma lijalo maji na sabuni peke yake vitatosha. Lakini angalieni sana: nta, mafuta na dawa ya kung'arisha tairi visiguse diski wala pedi. Diski yenye mafuta haishiki. Rimu inayong'aa haina faida kwa abiria ikiwa basi halisimami.

8. Kabla gari halijatoka, dereva aliendeshe polepole na kukanyaga breki mara chache ili zikauke. Mwoshaji amwambie dereva kwamba magurudumu yameoshwa.

JAMBO LA MAPAFU

Sasa naja kwenye jambo lililo zito zaidi. Kwa miaka mingi pedi na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, kwa sababu asbesto haichomeki. Nyuzi zake ni nyembamba hata macho hayazioni. Zikiingia kwenye mapafu hukaa humo. Ugonjwa hauji mwaka huu wala mwaka ujao. Unaweza kuja baada ya miaka 20, 30 au zaidi, mtu akiwa amekwisha acha kazi na tajiri amekwisha msahau. Huko Afrika Kusini, katika mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, na karibu wote walikuwa wamewahi kuwa karibu na asbesto ya buluu iliyochimbwa katika Jimbo la Cape. Wengine hawakuchimba kamwe. Walikaa tu jirani na machimbo. Asbesto ya breki ni ya namna nyingine, ile nyeupe, lakini leo imekubaliwa kwamba namna zote za asbesto huleta saratani.

Nchi nyingi zimekwisha kuipiga marufuku. Uingereza ilikataza asbesto nyeupe katika mwaka 1999. Pedi nyingi za siku hizi hazina asbesto. Lakini gari kuukuu au kipuri kisicho na jina, nani anajua kimetengenezwa kwa nini? Huwezi kujua kwa kutazama. Kwa hiyo sheria yetu sisi wafanya kazi iwe hii: kila vumbi la breki tulihesabu kuwa ni la hatari. Hata lisilo na asbesto si kitu cha kuvuta puani. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria ya kuweka mpaka wa vumbi linalotoka katika breki za magari mapya. Ikiwa vumbi hilo linaogopwa barabarani, je, sisi tunaoinamia gurudumu?

Basi, usipulize breki kwa kompresa. Nasema tena, usipulize. Hatari ni kubwa zaidi katika mabasi na malori yenye breki za dramu, kwa sababu vumbi lote hukusanyika ndani, na fundi akifungua na kupuliza, gereji nzima huvuta. Lowesha kwa maji ya sabuni yanayotiririka pole pole, futa kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa kile ukifunge katika mfuko kabla hakijakauka. Sakafu isifagiliwe kavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi za asbesto; kama kazi inaleta vumbi, inatakiwa barakoa ya kweli yenye chujio lake. Nguo za kazi zibaki kazini. Usimpelekee mkeo vumbi la kufua, wala usimbebe mtoto ukiwa nalo kifuani.

HAKI YETU NI IPI?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Mahali ambapo kazi inamgusisha mtu na maji au kitu cha kudhuru, mwajiri ndiye wa kutoa mavazi ya kujikinga, kama vile glovu, viatu na miwani. Tena mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, inatakiwa iwepo kamati ya usalama na afya. Ulizeni katika kazi zenu: kamati hiyo iko? Wajumbe wake ni nani? Mara ya mwisho ilikutana lini? Sheria hiyo pia inatutaka sisi tuvae tulivyopewa. Glovu zilizotundikwa msumarini hazimkingi mtu.

Juu ya kukatwa mshahara, nataka mnisikilize vizuri. Najua habari za kijana mmoja aliyepewa mtungi wa dawa na msimamizi wake, akaambiwa aoshe rimu nne. Rangi ikababuka, na mwisho wa mwezi akakatwa bei ya kupaka rangi zote nne. Alinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Ndugu zangu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Mtu aliyetumia dawa aliyopewa, kwa namna aliyoagizwa, ana makusudi gani? Yakikufika hayo, usigombane wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Andika siku, saa, jina la dawa na jina la aliyekupa, kisha mwone mwakilishi wa chama siku ile ile.

Na ukiumia, hata kama ni tone moja mkononi, mwarifu mwajiri mara moja na uhakikishe imeandikwa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inahusu ajali, na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini ajali isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha baadaye, na ugonjwa unaokuja baada ya miaka 30 unahitaji ushahidi wa kwamba ulifanya kazi hiyo. Wekeni barua zenu za kazi.

Mwisho, nashauri kila tawi lichague mtu mmoja wa kutazama mitungi yote ya dawa iliyoko kazini. Mtungi usio na jina uulizwe habari zake. Wenye HF upelekwe mbele ya kamati na kuombwa uondolewe. Kompresa isitumiwe tena kwenye breki, na kazi hiyo inaweza kuanza kesho asubuhi bila kungoja mkutano mwingine wala senti moja ya mtu. Mfanya kazi mmoja akikataa kupuliza vumbi ataitwa mkaidi. Wote wakikataa, huo utakuwa ndio utaratibu wa gereji.