Barua kwa Aliye Mbali



Tarehe 15 Agosti 1975, Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, utawala wa kikomunisti wa Vietnam ulimkamata François-Xavier Nguyen Van Thuan, Askofu Mkuu Mwandamizi wa Saigon. Alikaa kifungoni miaka 13, na 9 kati ya hiyo alitengwa peke yake. Mwanzoni, kilichomtesa zaidi ni kuwaacha waamini wake bila mchungaji. Ndipo akamkumbuka Mtume Paulo, ambaye naye alifungwa, lakini kalamu yake haikufungwa. Akamwomba mtoto wa miaka 7 amwambie mama yake amtafutie kalenda kuukuu. Usiku aliandika juu ya karatasi hizo. Asubuhi mtoto alizipeleka nyumbani, nduguze wakazinakili, nazo zikawafikia waamini. Hatimaye zikawa kitabu kinachosomwa katika lugha nyingi.

Wapendwa, sisi tuna karatasi, tuna uhuru, na siku hizi wengi tuna simu mkononi. Je, tumemwandikia nani neno la imani? Kijana wa jumuiya yetu ameondoka kwenda mjini kutafuta kazi. Mwaka wa kwanza alisali. Mwaka wa pili akaanza kulegea. Hakuna aliyemwuliza habari zake. Mwingine yupo gerezani, na jina lake halitajwi tena hata katika sala zetu. Tukija kusikia kwamba wamepotea, tunashangaa!

Wengine watasema, "Padre, mimi sijui kuandika vizuri." Waraka kwa Warumi haukuandikwa kwa mkono wa Paulo, yeye alitamka maneno, Tertio akayaandika. Basi, bibi ambaye macho yake yamefifia na amwite mjukuu. Huenda mjukuu huyo akapata katekesi ambayo hakuitarajia.

Lakini tuandike nini? Niseme wazi: barua nyingi tunazowapelekea watoto wetu huanza kwa karipio na kuishia kwa ombi la fedha. Mtume hakufanya hivyo. Akiwaandikia Wafilipi, hali amefungwa minyororo, anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao, anawaeleza hali yake bila manung'uniko, anawaombea, tena anawahimiza wafurahi. Hata fedha walizompelekea anazitaja mwishoni, naye anashukuru, haombi nyingine. Anayesoma barua ya namna hiyo huhisi kwamba anapendwa kabla ya kuonywa. Nanyi makatekista, mnaowajua waliobatizwa mikononi mwenu, mna nafasi ya pekee: mkumbusheni kijana siku ya kipaimara chake, jina alilochagua, wimbo alioimba. Ukurasa mmoja unatosha. Ujumbe wa simu nao unafaa, ila karatasi iliyoandikwa kwa mkono hutunzwa ndani ya kitabu cha sala na kusomwa tena siku ya majonzi.

Katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, Paulo anawasalimu watu zaidi ya 20, kila mmoja kwa jina lake. Kwa hiyo tusimalizie tu kwa kusema, "Wanajumuiya wote wanakusalimu." Tumtajie ni nani wanaomsalimu, na ni mzee yupi anayemwombea katika rozari kila jioni.