Mnada wa Ndizi Nje ya Kanisa

Ibada ya Jumapili kule Suma, wilayani Rungwe, haimalizwi na amina. Inamalizikia nje, kwenye mnada. Waumini wasio na fedha mkononi wameleta walichojaliwa: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, parachichi kwenye ndoo. Mzee wa kanisa anainua mkungu, anataja bei ya kuanzia, watu wanapandishana kidogo kidogo huku wakicheka. Pembeni yuko mwandishi wa habari, ameshika daftari badala ya kitabu cha nyimbo, anaandika bei. Kwake huo ndio ukurasa wa uchumi. Mkungu ukigombaniwa, malipo ya wakulima wa chai yameingia wiki hiyo. Ukinunuliwa kwa kuoneana haya, yamechelewa.

Kabla ya hapo yamesomwa matangazo: nani kafiwa, nani anaoa, chanjo ya watoto ni lini. Wamoravian, wenye kanisa hili, walifika Rungwe mwaka 1891, kabla redio haijawasha hata taa. Tena tangu 1731 wenzao wa Herrnhut, Ujerumani, huchapa kijitabu chenye neno fupi la kila siku. Mtu wa redio akisikia hayo lazima atabasamu: kipindi cha karibu miaka mia tatu, na wasikilizaji hawajachoka.

Jumatatu ni siku ya nauli. Bodaboda, kisha Noah iliyoshona abiria mpaka Tukuyu, na kama kuna kesi au kikao cha mkoa, basi dogo la kwenda Mbeya kupitia Kiwira na Uyole. Mvua ya Rungwe, ambayo sehemu nyingine huvuka milimita 2,000 kwa mwaka, haiulizi ratiba ya mtu. Kamera inasafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliotunzwa tangu kabla ya marufuku ya Juni 2019. Msikilizaji, tumsamehe kwa hilo.

Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotumika, si iliyotafutwa. Habari ikikataliwa, nauli imeliwa. Hapo ndipo bahasha ya mwenye semina inapopata nguvu. Wakubwa husema inanunua dhamira. Mara nyingi inachofanya kwanza ni kurudisha pesa ya Noah, dhamira inafuata baadaye. Na mhariri aliyeko Dar es Salaam, akipigiwa simu, anauliza mambo mawili: kuna ajali? Kuna waziri?

Kuna njia ambazo mwenye kazi hii harudi nazo. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha CHADEMA. Bomu la machozi lilimlipukia kwa karibu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwangosi amezikwa kwao Busoka, hapahapa Rungwe.

Lakini siku nyingi kazi haina bomu wala waziri. Ina wazee wanaoongea. Mapema mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa walisikia habari za kima mwenye manyoya marefu, aitwaye kipunji. Yangeweza kuwa masimulizi ya jioni tu. Watafiti wakapanda Mlima Rungwe, na mwaka huohuo wakamwona. Jarida la Science lilimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikathibitika kuwa ni wa jenasi mpya, ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu 1923. Magari ya Kyela na Malawi yalikuwa yakipita chini ya mlima huo kila siku, bila shaka na waandishi ndani yake.

Mkungu wa mwisho umeenda. Mzee aliyeununua anamwita mwandishi amshikie upande mmoja, na hawajafika mbali anaanza kumweleza habari ya lori la majani ya chai ambalo halijaonekana tangu Ijumaa, majani yameungua kwenye magunia. Mwandishi anaitikia tu. Daftari liko mfukoni, na mikono yote miwili imeshika ndizi.