Mfugaji Mbele ya Mkutano wa Kijiji: Harakati za Haki Mashinani katika Nyika ya Chalinze

Katika nyika ya Chalinze, harakati za haki za wahamiaji na jamii zilizowekwa pembeni zinawahusu zaidi wafugaji. Wamo Waparakuyo, ambao watu wa mwambao waliwazoea kwa jina la Wakwavi. Wamo Wabarbaig, tawi la Wadatoga, ambao wengi bado huwaita Wamang'ati. Wamo pia Wamaasai na Wasukuma waliofika katika miongo ya karibuni. Hawa ni raia wa Tanzania na hawakuvuka mpaka wa nchi kufika Lugoba au Mkange. Hata hivyo, katika vijiji vya Wakwere, Wazigua na Wadoe wanahesabiwa wageni, hata yule aliyezaliwa hapo na ambaye baba yake amezikwa hapo. Kwa hiyo wanachodai si uraia. Wanadai kutambuliwa kuwa wakazi wa kijiji, kwa kuwa ardhi ya vijijini hupatikana kupitia kijiji, na asiyeandikwa katika vitabu vya kijiji hana pa kulaza ng'ombe wake kihalali.

Halmashauri ya Chalinze ilimegwa kutoka Bagamoyo mwaka 2015. Mji wenyewe ni njia panda: barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro inaachana hapo na ile ya Segera, Tanga na Moshi. Kiangazi kikiingia, maji na majani mabichi hubaki kandokando ya mito ya Wami na Ruvu, na mifugo huteremka huko. Soko la nyama la Dar es Salaam liko umbali wa kilomita kama 100 tu. Maji, majani na mnunuzi vikikutana mahali pamoja, mfugaji hana sababu ya kwenda kwingine. Lakini ardhi hiyohiyo inatakiwa na wakulima, na wawekezaji wa miwa, na hifadhi za wanyamapori, na watu wa mjini wanaonunua mashamba makubwa kando ya lami na kuyaacha pori. Hawa wa mwisho hawatajwi sana mgogoro unapozuka, ingawa mapori yao yamepunguza malisho kimyakimya kuliko majembe ya Wakwere.

Waparakuyo ndio wenye historia ndefu zaidi hapa. Vita vya karne ya 19 baina ya jamii zinazosema Kimaa viliwasukuma kusini na mashariki, wakatawanyika Uzigua, Ukaguru, Ugogo na hatimaye nyika ya Bagamoyo. Kijiji chao kinachojulikana zaidi ni Mindu Tulieni, upande wa Lugoba. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti wake huko na kuuandikia kitabu, Persistent Pastoralists, kilichotoka mwaka 1985. Sera ya vijiji vya ujamaa, ambayo kwa wafugaji wengi ilikuwa adha, huko Mindu Tulieni iliwapa Waparakuyo kitu ambacho wenzao wa kwingine hawakukipata: kijiji chenye jina, uongozi na mipaka, ambamo wao ndio wengi. Wafugaji waliokuja baadaye na kuwa wachache katika vijiji vya watu wengine hawakupata bahati hiyo.

Safari ya Wabarbaig ilianzia wilayani Hanang. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, tambarare za Basotu zilianza kulimwa ngano chini ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, mpaka mashamba saba yakawa yamemeza ekari zipatazo 100,000 za malisho bora. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu ilikipa haki mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Moja ya hoja zake ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Baada ya hapo familia nyingi ziliswaga ng'ombe kuelekea Singida, Morogoro na Pwani. Kwa hiyo Mbarbaig anayeulizwa Bagamoyo kwa nini asirudi kwao ameshaulizwa mahakamani, akiwa hukohuko kwao, athibitishe kuwa ni mwenyeji.

Wimbi jingine lilikuja mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji Ihefu na bonde la Usangu, Mbarali, kwa hoja ya kunusuru maji ya mto Ruaha Mkuu. Walielekezwa mikoa ya kusini na Pwani. Katika msafara wa namna hiyo ng'ombe hufa njiani, familia hutengana, na wanaofika hukuta kijiji ambacho hakikuulizwa kama kina nafasi. Chuki iliyofuata vijijini haikuwa ya ajabu. Waliopokea ujio huo bila kushauriwa walidhulumiwa pia, na harakati zisizolisema hilo hazisikilizwi na wakulima.

Sheria yenyewe si adui wa mfugaji mgeni. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inamweka katika mkutano mkuu wa kijiji kila mkazi wa kawaida mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na haiulizi kabila wala alikozaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kusimamia ardhi, lakini inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Inatambua ardhi ya pamoja, ambamo malisho yanaweza kutengwa, na inazungumzia maafikiano ya wakulima na wafugaji kutumia ardhi moja kwa zamu. Kwa hiyo uamuzi mzito uko mikononi mwa mkutano unaofanyika chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi. Hapo ndipo uwanja wa harakati ulipo.

Jambo hili linatofautisha Pwani na Loliondo. Huko Wamaasai ni wengi katika vijiji vyao, na mwaka 2010 wanawake walijitokeza hadharani kutaka kurudisha kadi za CCM kwa hasira ya kuondolewa kwenye ardhi. Katika nyika ya Chalinze mfugaji ni mchache kijijini. Maandamano hayamwongezei kura mkutanoni, na yanaweza kumpunguzia hata majirani waliokuwa upande wake.

Mashirika yanayofanya kazi hii yalizaliwa zaidi katika miaka ya 1990. PINGO's Forum ya Arusha na HakiArdhi ya Dar es Salaam zilianzishwa mwaka 1994, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Waparakuyo wana shirika lao lenye makao Morogoro, PAICODEO. MVIWATA, mtandao wa wakulima wadogo uliozaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Sokoine, unasimama upande wa jembe, ingawa mara nyingi hoja zake kuhusu uporaji wa ardhi ni zilezile za wafugaji. Pamoja na hayo, semina ya Dar es Salaam haimpatii mtu malisho. Kazi yenyewe hufanywa na msaidizi wa kisheria aliyefunzwa kwa wiki chache, laigwanani (kiongozi wa kimila) anayeheshimiwa, na mara kwa mara mwalimu mstaafu wa kijiji ambaye si mfugaji kabisa ila hapendi mambo yaende mrama.

Kazi hiyo ni ya karatasi. Kwanza familia iandikishwe katika daftari la wakazi na ilipe michango kama wengine: ujenzi wa darasa, zahanati, mlinzi. Pili, wanaboma wahudhurie mkutano mkuu, si mzee mmoja kwa niaba ya wote, na kila mmoja aandike jina au aweke dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio. Tatu, ombi la malisho liingizwe katika ajenda kwa maandishi. Mwisho, nakala ya muhtasari wa mkutano ipatikane, ikiwa na mihuri na sahihi za mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoshinda wengi. Watu hukubaliana kwa mdomo, mtendaji huhamishwa, anayemfuata hukuta jalada tupu, na eneo lililosemwa ni malisho huuzwa. Familia zilizoonja hilo huhifadhi muhtasari ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi za kliniki za watoto na stakabadhi za josho.

Baada ya muhtasari huja mpango wa matumizi bora ya ardhi, chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2007. Wanakijiji huchora kijiji chao ardhini: mto kwa majivu, barabara kwa mchanga, makaburi kwa mawe, mashamba kwa majani mabichi. Mfugaji asipokuwapo siku hiyo, njia ya kupeleka ng'ombe mtoni haitachorwa, na kisichochorwa hakitaingia kwenye ramani ya wapimaji. Mpango unaweza kutenga malisho na bado ukawa na kasoro, kama malisho yako mashariki, josho na lambo viko magharibi, na katikati pamelimwa ufuta. Kila safari ya kwenda kunywesha inakuwa kosa. Mifugo hukamatwa, faini hutozwa kwa kila kichwa, na ndama walioachwa zizini hulia usiku kucha.

Wanawake wa kifugaji wana nafasi ambayo harakati hazijaitumia vya kutosha. Sheria inatenga robo ya viti vya halmashauri ya kijiji kwa wanawake, na viti vitatu kati ya saba vya baraza la ardhi la kijiji. Kwa Wabarbaig, baraza la wanawake lina uwezo wa kimila wa kumtoza mwanamume faini. Tena wanawake ndio wanaouza maziwa kwa majirani wakulima, kwa hiyo hujuana nao kwa majina. Wanaume wengi hufahamiana na wakulima siku ya kukamatiana ng'ombe tu.

Mahali ambapo njia hii ya muhtasari haikufua dafu ni Razaba, iliyokuwa ranchi ya Serikali ya Zanzibar kaskazini mwa mji wa Bagamoyo. Ufugaji wa serikali uliposimama katika miaka ya 1990, watu waliingia: wakulima, wachoma mkaa, na Wabarbaig na mifugo yao. Kisha zaidi ya hekta 20,000 zikatolewa kwa mradi wa miwa wa kampuni ya EcoEnergy yenye asili ya Sweden, iliyopata hati mwaka 2013. ActionAid ilianzisha kampeni ya kimataifa dhidi ya mradi huo mwaka 2015, Serikali ya Sweden ikaacha kuusaidia, na hati ikafutwa. Kampuni ilishtaki, na mwaka 2022 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamuru ilipwe zaidi ya dola milioni 165. Sehemu ya ardhi ikapewa kiwanda cha sukari cha Bakhresa. Kampeni iliuzuia mradi, lakini haikumpa Mbarbaig hata ekari moja. Ardhi haikuwa ya kijiji, kwa hiyo hapakuwa na mkutano mkuu wa kumtambua. Fidia nayo kwa kawaida huhesabu nyumba na mazao ya kudumu, na boma la miiba halina cha kuhesabiwa.

Saadani inaonyesha kwamba wenyeji nao huwekwa pembeni. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 2005, ardhi ya kitongoji cha Uvinje, makao ya wavuvi katika kijiji cha Saadani, ilijumuishwa ndani yake. Wakazi walipinga kwa miaka mingi kwa barua, ramani za zamani na kumbukumbu za makubaliano yaliyofanywa na wazee wao lilipoanzishwa pori la akiba. Silaha yao ilikuwa karatasi, kama ya wafugaji. Jamii hizi mbili, moja ikiitwa wenyeji na nyingine wavamizi, zilidai kitu kimoja bila kukaa meza moja.

Ugumu mwingine uko kwenye kalenda ya shamba. Mahindi yakishavunwa, mkulima anaweza kumruhusu mfugaji aingize ng'ombe wale mabua, na shamba likapata samadi. Maafikiano ya namna hiyo ni ya kale. Lakini nanasi, ambalo Kiwangwa inasifika kwalo, hukaa shambani zaidi ya mwaka, na muhogo vivyo hivyo. Shamba halina msimu wa mabua, na ng'ombe hana msimu wa kuingia. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haikumfikiria mgeni ambaye riziki yake haiko kwenye jembe. Maafikiano yakivunjika, hasara huwa ya damu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, Kilosa, wakulima 38 waliuawa kwa siku moja katika shambulio la wafugaji. Wanaharakati wa Morogoro na Pwani hawawezi kuzungumzia haki ya malisho bila kukumbushwa siku hiyo, na ni halali wakumbushwe.

Wapo pia wahamiaji wasioweza kufika mkutanoni kabisa. Vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa siri kuelekea Afrika Kusini hupita barabara hizihizi, na Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Wakikamatwa wakiwa hai hushtakiwa kwa sheria ya uhamiaji, na msemaji wao huwa ni mashirika ya kimataifa. Hali ilikuwa tofauti kwa Wazigua wa Somalia, uzao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka nyika hii katika karne ya 19. Vita vya 1991 vilipowakimbiza, wengi walikuja Handeni, wakaishi kambi ya Mkuyu, kisha wakahamishiwa Chogo mwaka 2003, na hatimaye wengi wao wakapewa uraia. Hawakuwa na hati. Walichokuwa nacho ni Kizigua walichokihifadhi kwa vizazi kadhaa, na wazee wa Handeni walikielewa.

Kwa wafugaji, karatasi imezidi kuwa na uzito hata mgogoro unapofika kwenye mabaraza. Tangu mwaka 2021 mabaraza ya ardhi ya kata hayaamui tena mashauri; yanasuluhisha tu, na uamuzi uko kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mfugaji hiyo ni safari ndefu, wakili wa kulipa, na ushahidi wa maandishi. Hatua ambayo haijachukuliwa vya kutosha ni mpango wa pamoja wa vijiji kadhaa. Wilaya ya Kiteto iliuonyesha: vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao, yakaitwa OLENGAPA, na chama cha wafugaji kikapewa hati za kimila za kikundi. Chalinze ingehitaji zaidi ya hapo, kwa sababu ng'ombe wa Lugoba na Kibindu hawasimami kwenye mpaka wa halmashauri: masika huwakuta Handeni au Mvomero, na kiangazi huwarudisha Wami. Mpango kama huo ungehitaji sahihi za halmashauri tatu katika mikoa mitatu, Pwani, Tanga na Morogoro.