NAFASI YA MGOMBEA ASIYETAZAMIWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Moshi)



Nawashukuru kwa heshima ya kusimama katika bwalo hili, ambamo zamani nilisimama kwa sababu moja tu, yaani kuomba nyongeza ya maharage. Halmashauri yenu imenitaka nizungumze juu ya mtu anayejitokeza kuomba uteuzi wa kugombea urais huku hakuna anayempa nafasi. Je, mtu huyo ana tumaini lo lote, au anajisumbua bure?

Wenzangu wa miaka ile watakumbuka uchaguzi wa kiranja mkuu tulipokuwa Kidato cha Tatu. Mabweni mawili makubwa yalikuwa na wagombea wao, nao walitukanana mpaka usiku wa manane. Wa tatu alikuwa kijana mpole, mgawaji wa maharage, ambaye sifa yake ilikuwa kwamba upawa wake haukujua rafiki wala adui. Duru ya kwanza hakuna aliyepata nusu, na yule mpole akapona kwa kura chache tu. Duru ya pili akashinda. Bweni lililoshindwa lilimpa kura zake zote, kwa kuwa lilikuwa halitaki hata kidogo kumwona mshindani wake akipiga kengele.

Sasa tutoke bwaloni twende Dodoma, Julai 1995. Rais Mwinyi alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, na Mkutano Mkuu wa CCM uliletewa majina matatu. Wa kwanza alikuwa mzee wetu wa mkoa huu, Cleopa Msuya wa Mwanga, aliyekuwa Waziri Mkuu. Wa pili Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, kijana wa miaka 44, mwenye marafiki kila wilaya. Wa tatu Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Ukipima kwa uzito wa viti, Mkapa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote.

Duru ya kwanza Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, hivyo mzee Msuya akatoka na wawili wakarudiwa. Duru ya pili Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Tazameni hesabu hiyo kama alivyotufundisha mwalimu wetu. Kikwete aliongeza kura 105. Mkapa aliongeza 227. Katika kila kura tatu zilizoongezeka, mbili na zaidi kidogo zilimwendea aliyekuwa nyuma. Waziri Mkuu akawa wa tatu, aliyeongoza akawa wa pili, na wa pili akaenda Ikulu.

Lakini tusidanganyane, Ndugu zangu. Mkapa hakushinda kwa upole peke yake. Mwalimu Nyerere alimwunga mkono waziwazi, na neno la Mwalimu lilikuwa na uzito wake. Asiyetazamiwa huhitaji mambo mawili: wengi wasiomchukia, na mkubwa mmoja wa kumshika mkono.

Miaka 20 baadaye mambo yakajirudia kwa namna nyingine. Mwaka 2015 wanachama 38 walirudisha fomu. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Edward Lowassa, jirani yetu wa Monduli. Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, hakutajwa sana. Kamati Kuu ikabakiza watano, na jina la Lowassa halikuwamo. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104. Amina Salum Ali akapata 253 na Asha-Rose Migiro 59. Hapo mchujo ulikuwa umekwisha kuamua mengi kabla sanduku halijafunguliwa. Mwenye kelele nyingi ndiye anayeonekana kwanza na mwenye kisu.

Wamarekani nao huanzia mbali, katika majimbo madogo ya mwanzo. Mwaka 1976 Jimmy Carter, mkulima wa karanga kutoka Georgia, alikwenda Iowa akiwa hajulikani. Kundi kubwa kuliko yote lilisema bado halijaamua. Yeye akafuata, akiwa mbele ya wote waliotajwa kwa majina. Ikatosha. Mwaka huo huo akachaguliwa kuwa Rais.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa nimesema kama mtu wa hesabu. Yaliyobaki yananiuma.

Mwaka huo wa 1995 mtoto wa Kiraracha, Augustine Mrema, aliacha CCM akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi. Hamkusahau jinsi watu walivyolisukuma gari lake kwa mikono. Mlima wote ulikuwa unaimba. Rafiki yangu, niliyelala naye kitanda cha chini na cha juu miaka minne, alimfuata. Mimi nilibaki CCM. Siku moja, tukiwa kwenye mbege, nilimwambia mbele za watu kwamba kelele za mlimani hazifiki Lindi. Akaniambia nimeuza ndugu zangu. Tukaachana hapo.

Kwa hesabu nilikuwa sahihi. Hapa Kilimanjaro NCCR ilizoa viti vingi vya ubunge, lakini katika nchi nzima Mrema alipata kama asilimia 28, na Mkapa karibu 62. Nilifurahi, na kufurahi huko ndiko kulikoniponza. Mama yake rafiki yangu alipofariki sikwenda kumzika, ingawa nilikula chakula cha mama huyo kila likizo. Niliona nitadharaulika.

Agosti 2022 Mrema alipofariki, nilikaa nikawaza kwamba mtu aliyetugombanisha ametangulia, nasi bado tunapishana barabarani kama wageni. Nikakata sale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikaenda nalo nyumbani kwake. Ninyi watoto wa mlimani mnajua maana yake: anayeleta sale anaomba radhi, na anayeletewa hapaswi kukataa. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Umechelewa, lakini umefika.” Leo ameketi mstari wa nyuma, na amenipa ruhusa niseme haya.

Basi jibu langu ni hili. Asiyetazamiwa ana nafasi pale ambapo wakubwa wawili wamechokana, pale ambapo kura hupigwa kwa duru, na pale ambapo hajajifanyia maadui. Umati wa barabarani haumtoshi. Mkapa, Magufuli, Lowassa, Mrema na mzee Msuya wote wamekwisha tutoka, na mabango yao yalioza zamani.

Aidha, anayeshindwa naye atazamwe. Kikwete alishindwa kwa kura 47 tu mwaka 1995. Hakuvunja nyumba. Mwaka 2005 alirudi, akapata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Aliyeshindwa akabaki na njia ya kurudi nyumbani hajamalizika.

Vijana mtakaopiga kura baada yetu, pigeni hesabu zenu, bisheni, shangilieni. Lakini msiba ukitokea kwa mwenzako wa upande wa pili, nenda. Usingoje miaka 27 kama mimi.

Sasa naona maharage yameiva.