Kujua Kuogelea Ni Kinga: Nasaha kwa Wazazi na Wasafiri wa Majini



Nchi yetu ya Tanzania ina maji mengi. Mashariki iko Bahari ya Hindi. Mipakani yapo maziwa ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Na vijijini iko mito na malambo ambamo watoto huchota maji na kunywesha mifugo. Hata hivyo, wengi waishio kando ya maji hayo hawajui kuogelea. Wahenga walinena: mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Kuyaona maji kila siku si kuyamudu.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliidhinishwa kubeba abiria 101. Waliofariki pekee walizidi 220. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji. Mafunzo hayo si ya mashindano. Mtoto ajue kwanza kuelea chali, kutawala pumzi, kugeuka na kurudi ukingoni. Wasichana nao wanayastahili sawa na wavulana.

Kabla ya kulipa ada, mzazi aulize: Je, mwalimu ana cheti cha kufundisha na cha uokoaji? Anafundisha watoto wangapi kwa wakati mmoja? Yuko nani anayelinda bwawa wakati mwalimu anafundisha? Kina cha maji kimeandikwa ukingoni? Asiyejibu wazi asikabidhiwe mtoto.

Anunuaye jaketi okozi asome lebo ya uzito, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto. La mtoto liwe na mkanda upitao katikati ya miguu. Mvalishe, ufunge vifungo vyote, kisha ulivute juu mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Maboya ya kuchezea yanayojazwa upepo si vifaa vya uokoaji.

Msafiri naye avae jaketi kabla chombo hakijang'oa nanga, kwani chombo kikishapinduka hakuna nafasi ya kulitafuta. Akiona chombo kimejazwa kupita kiasi, asipande, na atoe taarifa kwa wasimamizi wa bandari au mwalo. Safari iliyoahirishwa hufanyika kesho.

Mwisho, ukimwona mtu anazama, usijitose. Mfa maji hukamata chochote, nawe mtazama pamoja. Piga kelele za kuomba msaada, mnyoshee mti mrefu, au mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara na kufungiwa kamba. Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo. Mwenye mafunzo ampulizie pumzi na kumkandamiza kifua mara moja, huku mwingine akiita wahudumu wa afya.

Tunawasihi wazazi, walimu na viongozi wa mitaa walipeleke suala hili katika vikao vya shule. Maji hutulisha na kutusafirisha. Tuwafundishe watoto wetu namna ya kurudi nayo salama nyumbani.