Wodi Kabla ya Mimbari: Jumuiya za Dini na Huduma ya Uzazi kwa Mwanamke

Hospitali ya Panzi, pembezoni mwa mji wa Bukavu, ilianza kazi mwaka 1999 ili wanawake wa Kivu Kusini nchini Kongo wapate pa kujifungulia salama. Wenyewe ni Wapentekoste: jumuiya ya makanisa ya CEPAC, ikisaidiwa na ndugu zao wa Uswidi, pamoja na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji. Walijiandaa kupokea wajawazito. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri na mapajani. Mukwege amesimulia kwamba alidhani huo ni unyama wa mara moja. Miezi mitatu haijapita vizuri, wakawa wamefika wanawake 45 wenye habari ileile.

Kanisa lililokusudia kujenga wodi ya wazazi likajikuta na kazi ambayo hakuna somo la ubatizo lililowahi kuwaandaa waumini wake kuifanya. Namna lilivyoipokea kazi hiyo ndiyo kiini cha mada hii. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jumuiya za dini za Afrika Mashariki na Kati zimefanya mema makubwa zaidi katika afya ya uzazi pale zilipoanza na mwanamke aliye mbele yao, zikasikiliza shida yake na kuheshimu uamuzi wake, kisha ndipo zikarudi kwenye maandiko kuuliza. Zilipoanza na katazo, mara nyingi mwanamke aliondoka mikono mitupu na shida yake ikabaki palepale.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, Mukwege alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Sala ikaisha, wakaaga. Ndipo Denis akauliza kwa nini yeye akiugua hupewa dawa, na yule mwenzake ameachiwa sala tu. Baba akamjibu kwamba dawa ni kazi ya daktari. Yeye kazi yake ni kuomba. Kijana akaazimia kuwa huyo daktari, ili baba na mwana waende kwa mgonjwa pamoja. Alisomea udaktari Bujumbura, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera milimani, akaona akina mama wakifikishwa wamechelewa mno baada ya uchungu wa siku nyingi. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea ubingwa, na mwaka 1989 akarudi. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita ilipoanza, Lemera ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Panzi ilitokana na hasara hiyo.

Jina la Panzi limefungamana na ubakaji, lakini si kila mwanamke mwenye fistula anayelazwa pale alibakwa. Wengi walipasuliwa na uzazi wenyewe. Uchungu ukikaa siku mbili au tatu bila msaada, kichwa cha mtoto huibana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi. Damu haifiki, nyama inakufa, na siku chache baadaye panabaki tundu. Mtoto mara nyingi huzaliwa mfu. Mama naye huanza kuvuja mkojo usiku na mchana, wengine hata haja kubwa. Hulala juu ya matambaa, huamka kuyafua kabla nyumba haijaamka, na hukaa karibu na mlango popote penye watu ili aondoke upesi. Upasuaji unaweza kuliziba tundu hilo, na mgonjwa hubaki na mpira wa mkojo kwa wiki mbili hivi mpaka kibofu kipone. Bugando kule Mwanza, hospitali ya Maaskofu Katoliki inayoendeshwa kwa ubia na serikali, nayo inajulikana kwa upasuaji huo.

Kabla ya kufika kwa daktari, mama huyu amekwisha kupita mikononi mwa watu wa dini, au amekwisha kuwakimbia. Kuna anayeambiwa ana laana. Kuna anayeacha ibada kwa kuona haya ya harufu. Kwa Mwislamu linazuka swali zito zaidi: je, swala yangu inasihi nikiwa katika hali hii? Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na wengi pwani yote ya Afrika Mashariki, imelijibu swali hilo karne nyingi zilizopita. Mwenye kutokwa na mkojo mfululizo ni mwenye udhuru: hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, huswali bila kuchelewa, na swala yake ni sahihi hata kama mkojo umetoka katikati. Mwanamke anayeacha kuswali kwa miaka kwa kutolijua hilo ananyimwa faraja ambayo dini yake ilikwisha kumpa. Darsa moja la akina mama linatosha kulieleza, na hakuna anayehitaji fedha za mfadhili kulifanya.

Panzi ilijifunza kwamba kisu cha daktari hakitoshi. Mwanamke alitibiwa, akarudi kijijini, akakataliwa na mumewe, au akabakwa tena. Ndiyo maana hospitali hiyo ikapanga huduma nne mahali pamoja: tiba ya mwili, tiba ya nafsi, msaada wa kisheria, na namna ya kujitegemea kimaisha. Anayefika hukutana na wahudumu wanawake waitwao mama wapendwa, ambao kazi yao ya kwanza ni kukaa naye na kumsikiliza hata asipotaka kusema neno. Jirani na hospitali kuna Maison Dorcas, nyumba iliyopewa jina la yule mwanamke wa Yafa katika Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane nguo. Humo wanawake hujifunza kusoma na kuandika, kushona, kutengeneza sabuni na kusuka vikapu.

Msaada wa kisheria ulionekana wazi katika kesi ya Kavumu. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2016, watoto wa kike wa kijiji hicho cha kaskazini mwa Bukavu waliibwa usiku vitandani mwao, wakabakwa, wakatupwa mashambani. Waliletwa Panzi. Madaktari waliwatibu na pia wakaandika kila jeraha kwa utaratibu unaokubalika mahakamani. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyoketi Kavumu kwenyewe iliwatia hatiani watu 11, akiwamo mbunge wa jimbo, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Faili la hospitali ya kanisa lilikuwa sehemu ya ushahidi. Wanaodhani huruma ni kubembeleza tu wangeisoma kesi hiyo.

Wanawake wenyewe walilipa deni lao kwa namna isiyosahaulika. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Mukwege nyumbani kwake; mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya na familia. Wanawake wa Kivu, ambao wengi hawana hata dola moja ya kutumia kwa siku, wakauza mananasi na vitunguu kuchanga nauli yake ya kurudi. Januari 2013 akarudi. Miaka minne baadaye, akizungumza Windhoek katika mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani, aliwataka warithi wa Luther wayakemee mapepo ya ubabe wa kiume yaliyoukalia ulimwengu. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na mwanaharakati Nadia Murad.

Uganda ilitoa somo jingine, safari hii misikitini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ukizimaliza familia, Chama cha Madaktari Waislamu Uganda kilianza kuwafundisha maimamu wa wilaya ya Mpigi pamoja na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, waingie nyumba kwa nyumba kuzungumza na watu. Kondomu ilizua ubishi mkubwa. Wapo maimamu walioona kuitaja msikitini ni kufungua mlango wa zinaa. Madaktari hawakuwafokea. Waliketi nao, wakawaonyesha mke mwaminifu anayeambukizwa na mumewe ndani ya ndoa halali, wakarudi pamoja kwenye mafundisho juu ya kulinda uhai. Makubaliano yaliyofikiwa yaliweka kujizuia na uaminifu mbele, na kondomu ikakubaliwa kama kinga ya tatu kwa wenye haja nayo. Mwaka 1998 UNAIDS ilichapisha kazi hiyo kuwa mfano wa kuigwa. Ni Uganda hiyohiyo ambako kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, alijitokeza hadharani mwaka 1992 na kusema anaishi na virusi, wakati makanisa mengi yalikuwa bado yanahubiri kwamba ugonjwa ule ni adhabu.

Katika uzazi wa mpango pia kuna hazina ambayo waumini wengi hawaijui. Imepokewa kutoka kwa Sahaba Jabir kwamba walikuwa wakifanya azili, yaani kumwaga nje, katika zama za Mtume na Qur'ani ikiteremka. Imamu Ghazali aliijuzisha katika Ihyaa, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni kuilinda afya ya mke. Wanazuoni wengi walishurutisha ridhaa ya mke. Hapo pana kauli nzito juu ya haki ya mwanamke katika mwili na ndoa yake, iliyoandikwa kabla ya mkutano wowote wa kimataifa kuitishwa.

Kanisa Katoliki limebaki na msimamo wake dhidi ya njia za kisasa, na mada hii haikusudii kulibadili. Ila Rwanda imeonyesha namna ya kuishi na tofauti hiyo. Wakatoliki huko wanamiliki sehemu kubwa ya vituo vya afya. Serikali haikuvinyang'anya wala haikuvilazimisha. Ilijenga vituo vidogo jirani navyo, na mama anayetaka sindano au kijiti akavuka huko. Dhamiri ya mhudumu imeheshimiwa, na mwanamke hakunyimwa huduma kwa sababu tu kituo cha karibu yake kinaendeshwa na watawa.

Palipo pagumu zaidi ni kwenye utoaji mimba, na kulikwepa jambo hilo katika semina kama hii kungekuwa woga. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ibara ya 14, inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba kitabibu pale mimba inapotokana na ubakaji au maharimu, au inapohatarisha afya ya mama au uhai wake au wa kijusi. Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 2007. Kenya na Uganda ziliridhia lakini zikaiwekea hifadhi ibara ndogo hiyo, na viongozi wa dini walikuwa mstari wa mbele kuipinga. Kongo iliichapisha katika gazeti la serikali Machi 2018, hatua iliyoipa nguvu ndani ya nchi, na kwa hiyo msichana aliyebebeshwa mimba na wabakaji wake ana haki ambayo mama zake wa mwaka 1999 hawakuwa nayo.

Waumini hawatakubaliana wote hapa. Wakatoliki wanakataza. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana juu ya kipindi cha kabla ya roho kupuliziwa, siku 120 kwa kauli mashuhuri, ingawa kuokoa maisha ya mama kumepewa uzito mkubwa katika madhehebu yote. Waprotestanti wamegawanyika. Lakini upo uwanja mpana ambao kila mmoja wao anaweza kusimama. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya mimba kuharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, anastahili kutibiwa mara moja. Hakuna sheria ya Tanzania wala mafundisho ya kanisa au msikiti yanayomkataza mhudumu kuizuia damu hiyo. Muuguzi anayemhoji kwanza ameitoa wapi mimba, au anayemwacha mwisho wa foleni ili ajifunze, hatendi kwa amri ya dini yoyote. Na mwanamke akisikia mwenzake alivyodhalilishwa, safari nyingine atabaki nyumbani na kufa kimya kimya.

Semina hii inaombwa iamue mambo machache yanayotekelezeka. Kila kituo cha afya cha dini kiandike kwa uwazi huduma kisizozitoa na kituo cha karibu kinachozitoa, na mhudumu awajibike kumwelekeza mgonjwa huko bila mahubiri. Vyuo vya theolojia na madrasa za juu ziwe na somo la afya ya uzazi, likifundishwa na wakunga na madaktari, na fistula na fiqhi ya wenye udhuru viwemo. Tena mchungaji, padri na imamu wajue kwa kichwa kwamba aliyebakwa huanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kwamba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku tano. Kikao cha wazee cha kusuluhisha familia mbili, kikichukua wiki, kinamaliza muda wote huo. Kwa washiriki watokao wilaya zisizo na hospitali ya dini, wa kwanza kuonana naye wakirudi ni mganga mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenye orodha ya vituo vyenye dawa hizo.